Kufungia

Duka hufungwa, mlango hufungwa, lakini gazeti hufungiwa. Kiambishi hicho kidogo, -i-, kimebeba mzigo mkubwa. Mbuzi hufungiwa zizini, mtoto mtukutu hufungiwa chumbani. Anayefungiwa yupo, mzima, ila ufunguo uko mfukoni mwa mwingine.

Septemba 2013 serikali ya Tanzania ililifungia gazeti la Mwananchi siku 14 na la Mtanzania siku 90, kwa Sheria ya Magazeti ya 1976. Hayo angalau yalijua siku ya kutoka. MwanaHalisi, mwaka mmoja kabla yake, lilifungiwa "kwa muda usiojulikana". Hata mfungwa gerezani huambiwa miaka yake! Mawio likafutwa kwenye daftari Januari 2016, na kufuta ni jambo jingine kabisa: kilichofutwa hakingoji kufunguliwa. Sheria mpya ya Huduma za Habari ilikuja mwaka huo huo, na kufungia kukaendelea. Februari 2022 waziri wa habari alipoyarudishia leseni magazeti manne, watu walisema "yamefunguliwa", kana kwamba yalikuwa kizuizini. Nadhani hawakukosea.

Linalonikera ni ile kauli ya kutendwa. "Gazeti limefungiwa." "Wimbo umefungiwa." Na nani? Kwa kosa gani? Sentensi inakamilika bila mtendaji, na msomaji anazoea kuona kufungiwa kama mvua iliyonyesha tu. Wahariri, mkilitumia neno hili, tajeni aliyefungia na kifungu cha sheria alichotumia.