Kutoka Gazetini hata Kitabuni

Vijana wengi hudhani kuwa mtunzi huzaliwa na kalamu mkononi, na kwamba kitabu chake huchapwa kwa bahati tu. Dhana hiyo imewavunja moyo watu wengi wenye vipawa. Ili upate kuona, ewe msomaji, kuwa si kweli, zingatia habari za Muhammed Said Abdulla wa Unguja.

Alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Alipomaliza masomo mwaka 1938 hakushika utunzi, bali alikuwa mkaguzi katika idara ya afya. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na kwa muda wa miaka kumi magazeti yakawa ndiyo kazi yake. Kazi hiyo ni chuo kikubwa. Gazeti halina nafasi ya maneno ya bure, na msomaji wake akichoka hulikunja akaenda zake.

Mwaka huo huo wa 1948 iliundwa East African Literature Bureau, yenye makao yake Nairobi, ili vitabu vya watu wa Afrika ya Mashariki vipate kuandikwa na kuchapwa. Katika mashindano yake ya hadithi za Kiswahili ya 1957-58, hadithi ya Abdulla ilipata tuzo ya kwanza. Ilichapwa mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale, na Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, akajulikana kwa wasomaji.

Mashindano yalifungua mlango, lakini aliyeupita alikuwa amekwisha kujizoeza miaka kumi. Haba na haba hujaza kibaba.

Nawe basi, andika kidogo kila siku. Lisome andiko lako kwa sauti. Sikio hutambua kosa ambalo jicho limelipita. Likiisha, liweke kando siku kadha, kisha uliandike upya. Kabla ya kulipeleka kwa mchapishaji, jua kwanza yeye huchapa vitabu vya namna gani, na ubaki na nakala yako. Ukirudishiwa mswada, usiuchome moto, utengeneze.

Bureau ile ilikoma baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, na katika Kenya kazi yake ilirithiwa na Kenya Literature Bureau. Milango hubadilika, lakini mwenye kuandika kila siku, mlango wowote utakaofunguka utamkuta tayari.