Sanduku la Askari: Nishani, Medali na Hati Zake

Miongoni mwa maswali yanayoletwa mbele ya wanaoshughulikia istilahi, yapo yanayoonekana madogo hata mtu akadhani yangejibiwa kwa kufungua kamusi tu. Moja katika hayo ni hili: vitu vinavyotoka katika sanduku la askari wa zamani, yaani vipande vya madini vyenye utepe, vitambulisho, barua, picha na karatasi za jeshi, viandikwe kwa majina gani vinapoingizwa katika daftari la makumbusho au la nyaraka? Katika orodha tulizopata kuziona, "nishani", "medali" na "beji" hutumiwa kana kwamba ni neno moja, na karatasi zote huitwa "vyeti". Katika makala haya tutajaribu kuonyesha, kwa njia ya historia, madhara ya mchanganyiko huo. Neno lisilofaa laweza kumpa mtu heshima ambayo hakupewa, na laweza pia kumnyang'anya ile aliyoitolea damu.

Neno "nishani" asili yake ni Kiajemi, na maana yake ya kwanza ni alama. Hapa pwani lilizoea kukaa karibu na watawala. Wasomaji wa historia ya Zanzibar watakumbuka kwamba mwaka 1875 Sultani Barghash alianzisha Nishani ya Nyota Ing'aayo, ambayo ilikusudiwa wakuu na wageni wa heshima. Kwa hiyo nishani ilikuwa kitu cha mtu mmoja aliyeteuliwa. "Medali" ni neno la Kiingereza lililovishwa vazi la Kiswahili, nalo lilienea kwa ajili ya kitu cha namna nyingine kabisa, yaani kile anachogawiwa kila askari aliyetumikia mahali fulani katika muda fulani, awe shujaa au mpishi wa kikosi. Kwa maoni yetu tofauti hii yafaa ihifadhiwe, walau katika daftari: mtu hutunukiwa nishani, bali medali ya vita hugawiwa. Twajua kwamba katika hafla za leo maneno haya mawili hupishana bila mpaka, wala hatudai wasemaji wasahihishwe njiani. Tunasema juu ya daftari, kwa sababu daftari ndilo litakalosomwa wakati wenye kumbukumbu wameondoka.

Tuchukue mfano wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902 ambalo wazee wetu walifupisha jina lake wakaliita Keya. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, medali za Uingereza zilichongwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe. Hata ikitupwa shambani na kuokotwa baada ya miaka sitini, medali ya namna hiyo yaweza kusema ni ya nani, ingawa mara nyingi jina lenyewe limeandikwa na karani aliyelisikia kwa sikio la kigeni. Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yalibadilika. Serikali ya Uingereza iliamua kwamba nyota na medali za vita hivyo zitolewe bila jina. Zipo serikali, kama za Afrika Kusini na Australia, zilizochonga majina kwa hiari yao. Hivyo askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, aliyeshuka bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944 na kuuvuka mto Chindwin mwezi wa Desemba, alistahili Nyota ya Burma isiyotofautiana hata kidogo na ya jirani yake. Nyota hiyo ikitengwa na karatasi za mwenyewe huwa bubu. Hata hivyo, wakusanyaji wengi hununua madini na kuziachia mchwa karatasi.

Na karatasi zenyewe zina mitego yake. Askari alipomaliza muda wake alipewa hati yenye kutaja utumishi wake na tabia yake. Hati hiyo tumeiona ikifasiriwa "cheti cha kuachishwa kazi", na mahali pengine, kwa ajabu, "barua ya kufukuzwa". Mtumishi wa serikali ajua vizuri "kuachishwa" kunavyosikika masikioni mwa jamaa za mtu. Hebu fikiria mjukuu anayesoma katika kabati la vioo kwamba babu yake, aliyerudi kutoka Burma akiwa na sifa njema, alifukuzwa jeshini! Sisi twapendekeza "hati ya kumaliza utumishi", na neno "kufukuzwa" libaki kwa wale waliofukuzwa kweli.

Lakini mfano mzito kuliko yote hatukuupata katika Keya. Ni wa mtu wa Dar es Salaam aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa mwaka 1904, baba yake akiwa askari wa Kisudani katika jeshi la koloni la Wajerumani. Wajerumani waliliita jeshi hilo Schutztruppe, maana yake jeshi la ulinzi, na wafasiri wetu wengi huandika hivyo bila kuuliza lilimlinda nani. Waliouawa nalo katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 hawakulindwa. Vita Kuu ya Kwanza vilipoanza, Husen aliingia jeshini pamoja na baba yake, naye angali mtoto. Alijeruhiwa, akatekwa na Waingereza. Vita vilipokwisha akafanya kazi za utumishi, hata melini, na mwaka 1929 akafika Ujerumani.

Mjini Berlin alipeleka dai katika Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje: alitaka mshahara wa vita ambao yeye na marehemu baba yake hawakulipwa. Akajibiwa kwamba amechelewa. Istilahi ya kitu alichodai tunayo, tena tunaitumia kila siku maofisini, nayo ni "malimbikizo ya mshahara". Katika baadhi ya maandishi dai hilo huitwa "ombi la msaada", na hapo askari anayedai haki yake hugeuzwa ombaomba kwa neno moja tu.

Husen alibaki Berlin, akaoa, akapata watoto. Alikuwa mhudumu wa mezani, aliigiza katika filamu nyingi, na alifundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki. Wasomaji wa jarida la lugha hawana budi kulitua jambo hili. Baadhi ya Wajerumani waliotamani kurudi katika koloni walijifunza lugha yetu kwa kinywa cha mtu ambaye serikali yao ilikataa kumlipa alichokifanyia kazi.

Mwaka 1934 ulianzishwa huko Msalaba wa Heshima kwa waliotumikia katika Vita Kuu, ukiwa na aina ya pekee kwa waliopigana mstari wa mbele. Husen aliuomba, akanyimwa, kwa kuwa wakubwa hawakutaka mtu mweusi aupate. Yeye hakukubali. Wanahistoria waliopekua majalada yake wanaona kwamba yaelekea aliununua mwenyewe kwa wauzaji wa vifaa vya jeshi, kisha akauvaa hadharani pamoja na sare ya askari katika mikutano ya wapenda-makoloni. Mwaka 1941 alikamatwa na polisi wa siri kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Alifia huko tarehe 24 Novemba, 1944. Tangu mwaka 2007 lipo jiwe dogo lenye bamba la shaba katika barabara ya Brunnenstraße mjini Berlin, mbele ya mahali alipokuwa akiishi, lenye jina lake.

Mwenye kukusanya mabaki ya askari huyu hukutana na jambo la kushangaza. Sehemu kubwa ya yanayojulikana juu yake imehifadhiwa na wale waliomkatalia: barua za wizara, taarifa za maofisa, maombi yaliyogongwa muhuri wa kukataliwa. Sauti yake husikika kupitia majalada ya wengine. Kwa hiyo pasiandikwe "hati za Husen" bila kufafanua. Kuna hati alizoziandika, na kuna hati zilizoandikwa juu yake. Kiswahili kina viambishi vya kutosha kulieleza jambo hilo bila kuazima chochote. Vivyo hivyo, picha ya mtu mwenye nishani kifuani haithibitishi kwamba alitunukiwa. Katika habari ya Husen yathibitisha kinyume chake, na kinyume hicho ndicho chenye thamani, kwa kuwa chaonyesha alivyojihesabu mwenyewe mbele ya serikali iliyomhesabu si kitu.

Malimbikizo hayo ya askari yalikuja kulipwa baadaye sana, kwa wachache waliokuwa wangali hai. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani wa jeshi lile, na ofisi ya muda ikafunguliwa Mwanza. Inasimuliwa kwamba walifika wazee kama 350, lakini wenye karatasi walizopewa mwaka 1918 walikuwa wachache mno. Wengine walileta vipande vya sare iliyochakaa, na wengine mikono mitupu. Ndipo mlipaji akampa kila mzee fagio na kumwamrisha kwa Kijerumani afanye mazoezi ya bunduki. Husemwa kwamba hakuna hata mmoja aliyekosea. Kisa hiki huwachekesha wengi. Sisi hakituchekeshi sana, maana wazee hao walitakiwa kucheza gwaride kwa fagio ili walipwe deni la miaka zaidi ya arobaini. Lakini kwa kazi yetu kina faida: kilipokosekana cheti, amri za lugha ya kigeni zilizokaa mwilini zilikubaliwa kuwa ushahidi. Tukiulizwa jambo hilo liandikwe vipi, tungesema "uthibitisho kwa gwaride", wala si "cheti".

Kwa ajili ya daftari, basi, twapendekeza kila kipande kiandikwe pamoja na njia kilivyomfikia mwenyewe: alitunukiwa, aligawiwa, alirithi, alinunua, au alinyimwa. Msalaba wa Husen, kama siku moja ungeletwa mezani petu, tungeuandika hivi: "Msalaba wa Heshima wa waliopigana mstari wa mbele, aina ya 1934. Aliuomba, akanyimwa, akauvaa." Kuhusu alama za vyama vya wapenda-makoloni, ambazo nazo zilivaliwa kifuani katika mikutano ile, bado tunasitasita kati ya "beji" na "alama ya chama". "Beji" limeenea, lakini watoto wa shule nao huvaa beji.