Mawe ya Redio

Nilipokuwa mtoto Usangi, katika milima ya Upare Kaskazini, betri tuliziita mawe: mawe ya redio, mawe ya tochi. Redio ya marehemu baba ilikula mawe manne, nayo yalinunuliwa kwa fedha ya kahawa. Kwa hiyo ilifunguliwa wakati wa taarifa ya habari tu. Muziki ulikuwa anasa. Mawe yakichoka, mama aliyaanika juani, kwani joto huyapa uhai kidogo.

Tarehe 2 Novemba 1978, Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa juu ya uvamizi wa Idi Amin huko Kagera, mawe yetu yalikuwa ya kuanikwa. Sauti ilififia hotuba ikiendelea. Baba alitoka mbio gizani kwenda kwa jirani, nasi nyuma yake. Kaka yangu alikuwa jeshini. Sijasahau uso wa baba usiku ule.

Kumbe dawa ilikuwa imekwisha kupatikana zamani. Mwaka 1899 Waldemar Jungner wa Sweden alitengeneza betri ya nikeli na kadimiamu. Jiwe la kawaida hula zinki yake lenyewe mpaka linakufa. Betri ya Jungner, ukiirudishia umeme, hurudi katika hali yake ya kwanza. Ni kama ndiva zetu: bwawa hujaa maji usiku, asubuhi hufunguliwa kumwagilia mashamba, na usiku hujaa tena. Lakini ndiva yataka mfereji wa kuijaza, na chaja yataka umeme. Sisi hatukuwa nao.

Umeme ulipofika nyumbani kwetu, nilimletea baba chaja na betri nne za kuchaji. Alivaa miwani, akasoma maandishi. "Mwanangu, umepunjwa. Hizi ni volti 1.2, mawe yangu ni 1.5." Hesabu yake ilikuwa sahihi: zote nne ni volti 4.8 badala ya 6. Hata hivyo redio iliimba vizuri, maana jiwe la kawaida hushuka nguvu tangu siku ya kwanza, na hizi hushikilia kiwango chao karibu mpaka mwisho.

Taarifa ya habari ilipokwisha, mzee akafunga redio.

"Baba, acha tu muziki. Hizi haziishi."

"Kila kitu kinaisha, mwanangu."

Sina budi kukiri kwamba nilicheka. Baada ya miaka michache betri zile zilikataa kujaa, nikazitupa katika shimo la taka penye migomba, juu ya mfereji. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba kadimiamu ni sumu, huingia udongoni na kudhuru figo za watu. Nilizichimbua kwa jembe, nikapata tatu.

Siku hizi natumia zisizo na kadimiamu, na zilizokufa naziweka katika kopo. Ile ya nne bado iko kwenye migomba ya baba.