Sanduku la Mnada na Bango la Barabarani

Kabla mnada wa korosho haujahamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa soko la bidhaa, TMX, ulikuwa na sanduku. Wanunuzi walitumbukiza barua zao humo, sanduku likafungwa, kisha likafunguliwa mbele ya wakulima, wengine wamekalia viti vya plastiki, wengine wamejibanza kivulini. Barua moja moja ikasomwa kwa kipaza sauti: kampuni fulani, tani kadhaa, kwa bei kadha. Watu wakaguna au wakapiga makofi. Mkulima wa Nkowe, wilayani Ruangwa, pengine hakuijua kampuni hiyo hata kidogo, ila jina lake alilisikia kabla ya kukubali bei. Na malipo yalipokuja, yalikuja na makato yake: ushuru wa halmashauri, ya chama cha msingi, AMCOS, ya chama kikuu cha RUNALI, ya ghala, ya usafirishaji. Mkulima hulalamika, tena sana, lakini analalamikia tarakimu anayoiona.

Nimeanza na korosho kwa makusudi. Kuna bidhaa nyingine inayouzwa kwa watu haohao, zamani redioni na ukutani, siku hizi kwenye simu: maneno ya kuwataka waunge mkono au wapinge sheria inayogusa utoaji mimba. Bidhaa hiyo haisomewi barua. Inakuja na picha ya kichanga, aya ya Biblia, pengine na bendera ya nchi, na anayeitazama huamini kwamba ni sauti ya jirani yake au ya paroko wake. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine mlipaji yuko Madrid au Washington. Kioja cha historia hii ni kwamba miongoni mwa waliopiga kelele mapema na kwa nguvu wakiuliza "nani kalipa?" walikuwemo wapinzani wa utoaji mimba wenyewe.

Sheria tuliachiwa na Waingereza. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 150 kinampa miaka 14 jela anayemtoa mwanamke mimba. Cha 151 kinampa mwanamke mwenyewe miaka 7. Cha 152 miaka 3 kwa anayetoa dawa au kifaa huku akijua kazi yake. Kwa miongo mingi hapakuwa na cha kutangaza hapo. Ubishi uliokuwepo ulikuwa wa uzazi wa mpango, na wenye kulipia matangazo walikuwa upande mmoja tu.

UMATI, chama cha uzazi wa mpango, kilizaliwa mwaka 1959, kabla hata ya Uhuru. Lakini waliotuingia masikioni hasa ni Radio Tanzania, walipoanza mwaka 1993 kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Nani wa rika langu hamkumbuki Mkwaju, dereva wa lori, na vituko vyake njiani, na mkewe Tunu aliyebaki nyumbani na watoto? Fedha zilitoka Shirika la Idadi ya Watu la Umoja wa Mataifa, UNFPA, na utaalamu ulitoka kwa shirika la Population Communications International la New York. Kuna jambo ambalo wasikilizaji wengi hawakuambiwa: kituo cha Dodoma hakikurusha mchezo huo kwa miaka miwili ya mwanzo, ili watafiti wapate eneo la kulinganisha na kwingine. Wagogo wakawa kipimo cha maabara bila kuulizwa. Sisi wa Kusini tuliupata mchezo, nao Mkwaju wakamkosa.

Hata hivyo upande huo haukumficha mlipaji. Ulimbandika. Mabango ya uzazi wa mpango ukutani kwenye zahanati yalikuwa na nembo za wafadhili zimepangwa chini kama medali kifuani kwa mwanajeshi, na ya Wamarekani haikukosekana, kwa kuwa kanuni zao wenyewe ziliagiza hivyo. Mtu aliyeuchukia uzazi wa mpango alijua wa kumchukia. Hiyo ilikuwa faida kwa mpinzani na hasara kwa mfadhili, na mfadhili alikubali hasara hiyo.

Huko Marekani kwenyewe fedha hizo zilikuwa zimeshawekewa kamba. Mwaka 1981 Bunge lao lilipitisha kipengele kinachoitwa Siljander, kinachokataza fedha za misaada kutumika kushawishi nchi nyingine zibadili sheria za utoaji mimba, mwanzoni kwa kuunga mkono tu, baadaye hata kwa kupinga. Mwaka 1984 Rais Reagan akaongeza sera iliyotangazwa kwenye mkutano wa idadi ya watu jijini Mexico: shirika la nje linalotoa huduma hiyo au kuitetea lisipate senti. Tangu hapo sera inafutwa na kila rais wa Democrat na kurudishwa au kuendelezwa na kila wa Republican. Muuguzi wa kijijini Ruangwa anaweza kumjua rais mpya wa Marekani kwa kuangalia kabati la dawa.

Kamba hizo zilifunga fedha za serikali. Fedha za kanisa, za wakfu na za mtu binafsi zilibaki huru. Hapo ndipo Kenya ya mwaka 2010 inapoingia.

Rasimu ya katiba ilikuwa ipigiwe kura tarehe 4 Agosti. Ibara ya 26 ilisema uhai wa mtu unaanza mimba inapotungwa, maneno ambayo watetezi wa uhai waliyataka. Lakini kifungu kidogo cha 4 kikasema utoaji mimba hauruhusiwi isipokuwa pale mtaalamu wa afya aliyehitimu anapoona pana haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa ikiruhusu. Neno moja, "afya", likawasha moto. Baraza la Makanisa la NCCK na maaskofu Wakatoliki chini ya Kadinali John Njue wakasema hapana. Mahakama za Kadhi zilizomo kwenye rasimu nazo ziliongezea kuni. Waziri William Ruto na Rais mstaafu Moi wakawa upande huohuo, Rais Kibaki na Waziri Mkuu Raila upande wa pili. Kijani kilikuwa Ndiyo, nyekundu Hapana. Tarehe 13 Juni mabomu yakarushwa katika mkutano wa maombi wa kambi ya Hapana pale Uhuru Park, watu sita wakafa. Haikuwa kampeni ya mzaha.

Mwaka huohuo ofisi mpya ilifunguliwa Nairobi: East African Centre for Law and Justice. Jina la Afrika Mashariki, mama Mmarekani. Mama huyo ni American Center for Law and Justice, taasisi ya mawakili iliyoasisiwa mwaka 1990 na mhubiri wa televisheni Pat Robertson, ikiongozwa na wakili Jay Sekulow. Waliichambua rasimu, wakaipinga hadharani kwa sababu ya mimba na kadhi, wakasaidia kambi ya Hapana. Hawakuwa wezi, ofisi ilikuwa na kibao mlangoni. Ila mwananchi wa Kisii au Kitui aliyepewa karatasi ya Hapana baada ya ibada hakuwa na njia ya kujua karatasi hiyo imelipiwa na sadaka ya Jumapili iliyopita, na mwanasiasa, au na mchango wa bibi mmoja wa Virginia anayetazama televisheni. Sheria ya fedha za kampeni ilikuwa haijatungwa.

Sasa tazama upande wa pili wa bahari. Mei 2010 wabunge watatu wa Republican, Chris Smith, Ileana Ros-Lehtinen na Darrell Issa, walidai uchunguzi: je, serikali ya Obama inatumia fedha za walipa kodi kuwasukuma Wakenya wapige Ndiyo, kinyume na Siljander? Smith, mpinzani wa utoaji mimba wa siku nyingi, alitaja zaidi ya dola milioni 23 zilizokwenda kwenye mchakato wa katiba. Watetezi wa katiba walijibu kwamba fedha hizo zilikuwa za elimu ya uraia. Mkaguzi wa Bunge lao, GAO, alitoa taarifa mwaka 2011, na kubwa lililomo ni kwamba maofisa wa Marekani walio nje walihitaji mwongozo ulio wazi zaidi wa kipi ni ushawishi na kipi si ushawishi.

Kwa hiyo fedha za upande wa Ndiyo zilipekuliwa na mkaguzi, ripoti ikaandikwa, na yeyote anaweza kuisoma. Za upande wa Hapana hazikuwa na mkaguzi wa namna hiyo. Sisemi walitumia nyingi zaidi. Nasema upande mmoja ulipimwa kwenye mizani na mwingine ukapita pembeni ya mizani, na uliodai mizani iletwe ndio uliopita pembeni. Ndiyo ilishinda kwa kura zaidi ya milioni 6 dhidi ya milioni 2.8 hivi, na ubishi wa fedha ukafa pamoja na kampeni.

Kenya ilitunga Sheria ya Fedha za Kampeni mwaka 2013, hata kamati za kura ya maoni zimo ndani. Wabunge wakaisogeza mbele kabla ya uchaguzi wa 2017, na wa 2022 nao ukapita bila ukomo wa matumizi. Sheria ya aina hii kila mwanasiasa anaipenda ikiwa ya mwenzake.

Mwaka 2018 Kusini tunaukumbuka kwa korosho. Wakulima walikataa bei zilizosomwa mnadani, na Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaingia kubeba. Wakati macho yetu yako kwenye magunia, mambo mengine mawili yalipita. Septemba, siku chache baada ya Rais kusema mkoani Simiyu kwamba watu wasisikilize wageni wanaowahimiza kupunguza uzazi, Wizara ya Afya iliandikia shirika la FHI 360, lililokuwa na mradi wa fedha za Marekani, likome kurusha matangazo ya uzazi wa mpango redioni na kwenye televisheni. Oktoba zikatoka kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali: anayepokea zaidi ya shilingi milioni 20 atangaze zimetoka wapi na zimefanya nini. Yaani tangazo lililokuwa na nembo ya mlipaji likazimwa, na mwenye nembo akatakiwa aoneshe nembo zaidi.

Novemba hiyohiyo, Nairobi, bodi ya madaktari iliiamuru Marie Stopes Kenya isitoe huduma yoyote ya utoaji mimba, kufuatia malalamiko juu ya matangazo yake. Mmoja wa walalamikaji alikuwa CitizenGO. Marufuku iliondolewa Desemba. CitizenGO ni jukwaa la kukusanya sahihi mtandaoni lililoanzishwa Madrid mwaka 2013 na Mhispania Ignacio Arsuaga. Jina hilo lina neno "raia" ndani yake kwa Kiingereza, na linaweza kuwa raia wa popote.

Mwaka huohuo wa 2018 Ireland nayo ilikuwa kwenye kura ya maoni kuhusu mimba, tarehe 25 Mei. Sheria yao inakataza michango ya kisiasa kutoka nje, lakini iliandikwa mwaka 1997, kabla ya Facebook. Matangazo ya kulipia yalimiminika kwenye simu za wapiga kura, na mengine yalilipiwa nje ya nchi. Wiki mbili na kitu kabla ya kura Facebook ikayazuia ya wageni, na kesho yake Google ikatangaza kusimamisha yote ya kura hiyo, ya ndani na ya nje. Hapo ndipo maneno ya "limelipiwa na" yalipoanza kuzoeleka kwenye tangazo la siasa mtandaoni, kwanza Ulaya na Marekani, kwetu baadaye.

Wajanja hawakungoja. Twitter iliacha kuuza matangazo ya siasa duniani kote Novemba 2019. Ukishindwa kununua tangazo, unanunua watu. Watafiti wawili wa Kenya, Odanga Madung na Brian Obilo, waliofanya kazi na Mozilla Foundation, walionesha mwaka 2021 kwamba vijana Nairobi walilipwa dola 10 hadi 15 ili kupandisha hashitagi hadi ionekane nchi nzima inaizungumzia. Mwaka uliofuata Mozilla ilitoa ripoti nyingine, hii ikihusu mswada wa afya ya uzazi wa Seneta Susan Kihika, na ikaitaja CitizenGO kuwa nyuma ya kampeni zilizoupiga vita huko Twitter. Dola 15 si haba kwa kijana asiye na kazi. Kwa kampeni ya namna hiyo hakuna bango la kuning'inizwa wala nembo ya kubandikwa; tangazo ni kijana mwenyewe.

Yanayojulikana kuhusu mifuko ya Marekani yanatoka zaidi kwenye hesabu za kodi za huko. openDemocracy walizipekua mwaka 2020, wakakuta mashirika 28 ya Kikristo ya mrengo wa kulia yametumia nje ya nchi yao dola milioni 280 tangu 2007, Afrika peke yake zisizopungua milioni 54. Shirika likisajiliwa kama kanisa halilazimiki kujaza fomu za hesabu hizo.

Kwetu Tanzania tuna Sheria ya Gharama za Uchaguzi, iliyotiwa saini na Rais Kikwete Machi 2010, karibu miezi mitano kabla Wakenya hawajapiga kura yao. Inamtaka mgombea na chama waoneshe mapato na matumizi kwa Msajili wa Vyama. Kura yetu ya maoni ya katiba ilipangwa 30 Aprili 2015 ikaahirishwa, hivyo hatujawahi kuona tangazo la mimba likipigania kura ya mtu wa Nkowe siku ya kura.

Tangazo lenyewe, hata hivyo, limeshafika. Lipo kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, katikati ya taarifa ya msiba na bei ya salfa: picha, aya, na onyo kwamba kuna mswada. Mswada wenyewe ni wa Nairobi, na ulishalala zamani. Juu ya ujumbe WhatsApp imeandika kwa herufi ndogo kwamba umesambazwa mara nyingi. Jina la aliyeulipia halimo.