Mafundi wa Mbinga na Silinda Hedi: Turbo Ilivyobadili Gereji Kuanzia Matiri Hadi Mbamba Bay

Msimu wa kahawa ukifika Umatengo, gari haina ruhusa ya kuugua. Kahawa ikishakauka huko Matiri, Maguu au Kigonsera, lazima ifike Mbinga mjini ikakobolewe. Ada ya shule, bati la nyumba na deni la mbolea vyote vinasubiri magunia hayo. Injini ikichemsha kwenye mlima, hakuna anayemlaumu mwenye kiwanda cha Japani. Anayelaumiwa ni fundi aliyeifunga.

Mafundi hao hawana kitabu kinachowataja. Wengine walipita karakana za Peramiho, misheni ya Wabenediktini iliyoanzishwa mwaka 1898, ambako ufundi umefundishwa kwa vizazi. Wengine wengi walianza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa chini ya mwembe, wakipanda cheo spana kwa spana. Lakini ukitaka kujua maisha yalivyobadilika huku kusini, angalia walichokuwa wanafanya kwenye silinda hedi.

Zama za Land Rover na Bedford, hedi ilikuwa pande la chuma lisilo na haraka. Injini za petroli za wakati ule hazikuwa na turbo, presha yake ndogo, joto lake la wastani. Fundi alifungua hedi, akakwangua masizi, akasaga valvu kwa mkono na dawa yake mpaka zikae vizuri kwenye siti, akafunga. Miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980, baada ya vita vya Kagera, spea zilikuwa adimu kama sukari. Gasketi iliyotumika ilirudishwa tena, bolti ilinyooshwa, valvu iliyoungua ilisagwa mpaka ikabaki nyembamba. Na gari iliondoka! Chuma kile kilikuwa kinasamehe.

Turbo yenyewe ilikuwa duniani zamani. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza yake mwaka 1905. Wazo ni rahisi: moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni, na feni ya upande wa pili inasukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Afrika Mashariki wengi waliijua kwenye Safari Rally, pale Toyota Celica ya turbo iliposhinda mara tatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Ila vijijini haikufika kwa mashindano. Malori makubwa ya masafa yalitangulia, magari madogo yakafuata.

Mlango wa magari madogo ulifunguliwa mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Kisha mwaka 1994 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil, bei ya dunia ikapaa, na biashara ya kahawa nchini ikawa inafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Umatengo ukaona fedha. Ndo wakati huo na miaka iliyofuata zikaja dizeli za Kijapani zilizotumika: Hilux, Surf, Prado. Kwenye baadhi ya hizo kulikuwa na injini za 2L-T, na baadaye 1KZ ya lita 3, zote zikiwa na turbo.

Milimani turbo ni neema. Umatengo sehemu nyingi ziko juu ya mita 1,300, hewa ni nyepesi, injini ya kawaida inakosa pumzi. Yenye turbo inapanda ikiwa na mzigo. Lakini Ziwa Nyasa liko kama mita 475 tu kutoka usawa wa bahari. Gari iliyoshuka Mbamba Bay kuchukua dagaa inarudi kwa kupanda zaidi ya mita 800, imejaa, gia ndogo, mwendo mdogo, upepo wa kupoza rejeta hakuna. Moshi unapita digrii 600. Hapo hedi ndo inapojibu.

Hedi ya 1KZ ni ya aluminiamu, bloku yake ni ya chuma. Aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Hedi ya urefu wa sentimita 50 ikipanda joto digrii 80, inaizidi bloku karibu nusu milimita. Gasketi iko katikati, inavutwa huku na huku kila safari. Ikizidiwa, rejeta inatoa mapovu, maji yanapungua bila kuvuja, na ufa unatokea katikati ya valvu mbili, pale chuma kilipo chembamba.

Mafundi wa zamani walikuta mbinu zao zinawageuka. Kutoa themostati ili gari "ipoe", kujaza maji ya mto badala ya kulanti, kurudisha bolti zilizokwishavutika: mambo yaliyopita kwa Land Rover yaliua hedi za turbo moja baada ya nyingine. Maji ya mto yanaacha kutu na magamba kwenye njia za hedi, na pale yalipoziba ndipo ufa unapoanzia.

Waliobaki kazini ni waliojifunza upya. Kwanza, kutafuta ufa kabla ya kufunga: hedi inasafishwa, inapakwa mafuta ya taa, inafutwa, kisha inapakwa chaki. Mafuta yaliyojificha kwenye ufa yanachora mstari. Pili, kuweka rula ya chuma juu ya hedi na kupitisha fila geji chini yake. Ikipinda zaidi ya kiwango cha kitabu, ambacho kwa injini nyingi ni kama sehemu ya kumi ya milimita, inakwenda kwa mchongaji. Tatu, kukaza bolti kwa hatua, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa spana yenye kipimo.

Halafu yakaja maboresho. Gasketi ya karatasi ngumu ikaachia nafasi gasketi ya chuma yenye tabaka kadhaa, inayostahimili presha lakini inadai uso laini sana. Valvu za moshi zikachaguliwa za chuma chenye kromiamu na nikeli, kisicholainika kwenye joto. Valvu gaidi za shaba ngumu zikapendwa na wenye uwezo, maana zinapitisha joto haraka kuliko za chuma. Springi nazo zina hesabu yake: turbo ikisukuma presha ya bar 1, valvu ya hewa yenye upana wa milimita 35 inasukumwa kwa nyuma kwa nguvu ya karibu kilo 10. Springi iliyochoka inashindwa kuifunga vizuri.

Vyote hivyo ni fedha, na hapo ndo mzozo wa kila gereji.

"Fundi, nifungie hiyohiyo, nimalize msimu," mwenye gari husema.

"Bosi, hii imepasuka. Nikiifunga utanirudia kabla ya mwezi."

Wengi huondoka kwa fundi mwingine anayekubali. Baadhi hurudi na gari limefungwa kamba nyuma ya lori, hedi imekwisha na pistoni imeyeyuka juu. Fundi aliyesema kweli alikosa kazi ya kwanza na kupata ya pili iliyo kubwa zaidi, lakini magunia yalichelewa na watoto walikaa nyumbani muhula mzima.

Siku hizi lami imefika Mbinga, na mwanzoni mwa miaka ya 2020 ikafika Mbamba Bay. Mlima ni uleule, ila gari haikwami kwenye tope, na spea kutoka Songea haichukui siku tatu. Barabara za ndani kama ya Matiri bado zina vumbi lake na masika yake. Vijana wanaotoka vyuo vya ufundi wanakuja na kipimo cha kompyuta mkononi. Wazee hawana neno nao, isipokuwa swali moja kabla hedi haijafungwa: "Mwanangu, umepaka chaki?"