Kiingilio cha Mpira na Ulinzi wa Lango

Askari aliyewekwa zamu kwenye lango la uwanja wa mpira hukabidhiwa ugomvi ambao hakuuanzisha yeye. Bei ya tiketi imepangwa na wengine, idadi ya watazamaji imeamuliwa na wengine, na saa ya kufungua mlango imetajwa na wengine. Lakini mwananchi aliyekosa nafasi, au aliyekuta bei imepanda kuliko uwezo wa mfuko wake, hamkuti mlangoni mweka hazina wa klabu. Humkuta askari. Kwa sababu hiyo mazungumzo yetu juu ya kiingilio yanawahusu kwanza ninyi, ndugu zetu wa jeshi na polisi, mnaotusikiliza makambini, vituoni na katika doria.

Tuanzie Nyamyumba, sekta ya wilaya ya Rubavu, kando ya ziwa Kivu. Nyamyumba ni nchi ya wafanya kazi. Jioni wavuvi wa Rubona husukuma majini mitumbwi yao iliyounganishwa mitatu mitatu, wakaenda kutafuta sambaza, nao hurejea alfajiri. Huko ndiko kulikojengwa kiwanda cha bia cha Bralirwa, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1957, na gesi iliyovutwa kutoka vilindi vya ziwa ilianza kutumika kiwandani humo mwaka 1963. Siku ya mpira, mvuvi, kibarua wa kiwanda na mkulima wa kahawa hushika njia moja iendayo Gisenyi mjini, kwenye uwanja wa Umuganda.

Uwanja huo si mkubwa. Huchukua watu wapatao 5,000 tu. Hata hivyo umebeba heshima ya kimataifa, kwani mwezi Januari 2016 Rwanda ilipoandaa mashindano ya CHAN, timu za Uganda, Zambia, Mali na Zimbabwe zilicheza hapo. Kwa siku za kawaida uwanja huo umekuwa nyumba ya klabu mbili: Etincelles, ambayo tegemeo lake ni wilaya na wananchi wake, na Marines, ambayo ni klabu ya jeshi. Jambo hili tuliweke akilini, maana tutalirudia.

Katikati ya Machi 2020 ugonjwa wa korona uliingia Rwanda na viwanja vikafungwa. Ligi ilijaribiwa tena mwezi Desemba mwaka huo, ikasimamishwa baada ya siku chache tu. Iliporudi tarehe 1 Mei 2021, ilirudi bila watazamaji, wachezaji wakisikia sauti za makocha wao kama wako mazoezini. Ni katika miezi ya mwisho ya 2021 ndipo mashabiki walipoanza kuruhusiwa tena, nao si wote: nafasi zilikuwa na kikomo, na aliyetaka kuingia alipaswa kuonyesha kwamba amechanjwa na kwamba amepimwa.

Hapo ndipo yalipozuka mabishano ya kiingilio, kwenye vijiwe vya mitumbwi, kwenye vituo vya pikipiki na nje ya milango ya viwanja. Mabishano hayo yalikuwa na pande mbili, na kila upande ulikuwa na haki yake.

Upande wa kwanza ulisema hivi: klabu zimekaa zaidi ya mwaka bila senti ya mlangoni, huku wachezaji wakila na kulipwa mishahara. Viti vilivyoruhusiwa ni vichache. Basi anayependa klabu yake na alipe zaidi, ili klabu isife. Hesabu inawaunga mkono. Tuchukue mfano tu: uwanja wa watu 5,000, kila mmoja akitoa faranga 1,000, huingiza faranga milioni 5. Ukiruhusiwa kuingiza nusu ya watu hao, mapato yanashuka hadi milioni 2 na nusu, lakini gharama za waamuzi, usafi, taa na walinzi hazipungui hata kidogo. Ili kurudisha pengo hilo, kiingilio hakina budi kuwa faranga 2,000.

Upande wa pili ukajibu: hesabu hiyo ni ya mwenye lango, si ya mwenye mfuko. Mtu wa Nyamyumba hakulipa tiketi peke yake. Alilipa nauli ya kwenda mjini na kurudi. Alilipia kipimo, na kipimo cha haraka katika zahanati binafsi kiliwahi kugharimu faranga 10,000. Kwa mvuvi aliyepata sambaza kidogo usiku uliopita, tiketi ilikuwa ndiyo sehemu ndogo kabisa ya gharama. Ukimwongezea bei hiyo mara mbili hukumwomba aisaidie klabu, bali umemwambia abaki nyumbani. Na yeye ndiye aliyeimba katika mvua miaka yote ambayo timu ilikuwa ikifungwa.

Ndugu msikilizaji, kisa hiki hakikuanza na korona. Kila mara idadi ya nafasi inapopunguzwa kwa ajili ya usalama, swali lile lile huzuka: nani atoke nje, na nani aamue? Historia ya mpira duniani imelijibu swali hili mara nyingi, na mara nyingine kwa gharama ya roho za watu.

Tarehe 28 Aprili 1923, uwanja wa Wembley wa mjini London ulifunguliwa kwa fainali ya Kombe la Uingereza. Ulijengwa kwa watu wapatao 125,000. Tiketi nyingi hazikuuzwa mapema, mtu alitarajiwa kulipa mlangoni. Wakaja watu wanaokadiriwa kupita 200,000, wakafurika hadi katikati ya uwanja. Aliyekumbukwa siku ile kuliko wafungaji wa magoli ni polisi mmoja, George Scorey, aliyepanda farasi wa rangi ya kijivu akawasogeza watu nyuma polepole, akisema nao kwa utulivu. Mchezo ulianza baada ya kuchelewa kwa dakika 45. Tangu hapo waandaaji walijifunza kuuza tiketi za fainali kabla ya siku yenyewe. Askari mmoja mpole aliokoa siku, lakini utaratibu wa tiketi ndio uliookoa miaka iliyofuata.

Somo hilo lilisahauliwa. Tarehe 15 Aprili 1989, kwenye uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, polisi waliona msongamano mkubwa nje ya milango myembamba. Mkuu wa operesheni aliamuru lango kubwa la kutokea lifunguliwe, lakini njia ya kuelekea vizimba vya katikati, ambavyo vilikuwa vimekwisha kujaa, haikufungwa. Watu 97 walikufa kwa kubanwa. Jambo linalopaswa kutuumiza sisi sote tunaoheshimu sare ni kwamba kwa miaka mingi lawama zilisukumwa kwa mashabiki. Waliitwa walevi na wahuni. Ilichukua hadi tarehe 26 Aprili 2016 kwa baraza la uchunguzi wa vifo kutamka kwamba marehemu waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuchangia maafa hayo.

Baada ya maafa hayo Jaji Taylor alitoa taarifa yake mwezi Januari 1990. Alishauri viwanja vikubwa viwe vya viti vitupu, bila majukwaa ya kusimama. Alijua kwamba viti hupunguza nafasi na kwamba nafasi zikipungua wenye klabu hupandisha bei. Kwa hiyo akatoa mfano wa uwanja wa Ibrox wa Glasgow, ambako watu 66 walikufa mwaka 1971 na ambako viti viliwekwa baadaye: kiti kilikuwa pauni 6 na nafasi ya kusimama pauni 4. Maana yake ilikuwa wazi: usalama hauhitaji kumfukuza maskini. Klabu zilichukua viti vya Jaji zikaacha ushauri wake wa bei. Kiingilio kikapanda mwaka hata mwaka. Tarehe 6 Februari 2016 mashabiki wa Liverpool wapatao 10,000 walisimama katika dakika ya 77 wakatoka uwanjani, kwa sababu tiketi ilitangazwa kufika pauni 77. Hawakuvunja kiti. Siku chache baadaye klabu ilirudi nyuma. Hivyo mabishano ya bei yanaweza kumalizika bila rungu, iwapo yupo wa kuyasikiliza.

Turudi Afrika. Tarehe 23 Oktoba 2010, kwenye uwanja wa Nyayo mjini Nairobi, watu 7 walikufa katika msongamano wa langoni siku ya mchezo wa Gor Mahia na AFC Leopards. Mwezi Februari 2021 Simba ya Dar es Salaam iliikaribisha Al Ahly ya Misri kwa ruhusa ya kuingiza watu 30,000 katika uwanja wa watu 60,000, nayo ikashinda kwa goli 1 kwa 0. Nusu ya uwanja ilitosha kuwa furaha kamili. Lakini tarehe 24 Januari 2022, mjini Yaounde, uwanja wa Olembe uliokuwa umewekewa kikomo cha asilimia 80 kwa sababu ya korona ulishuhudia watu 8 wakifa nje ya lango la kusini, wakati Cameroon ilipocheza na Comoro. Uwanja wenyewe ulikuwa na nafasi. Serikali ya nchi hiyo ilieleza kwamba lango lilikuwa limefungwa kwa muda huku umati ukizidi kuongezeka. Kikomo kiliwekwa ili kuokoa maisha, na watu wakafa kwenye mlango wa kikomo hicho.

Kisa cha karibuni zaidi ni cha Kasarani, Nairobi, mwezi Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN. Watu wasio na tiketi walivunja utaratibu wa milango siku ya mchezo wa Kenya na Morocco. Shirikisho la Kandanda Barani Afrika likapunguza watazamaji hadi 27,000 kwa mchezo uliofuata, na kuagiza tiketi za kielektroniki peke yake. Hapo kikomo kilikuwa adhabu, na aliyeadhibiwa zaidi ni yule aliyenunua tiketi yake kwa uaminifu.

Visa hivi, ndugu msikilizaji, vina fundisho moja. Bei kubwa haikuwahi kuwa ngao ya lango. Kinacholinda lango ni watu kujua mapema. Mwananchi akijua siku tatu kabla kwamba nafasi ni kadhaa, bei ni kiasi fulani na tiketi zimekwisha, atabaki Rubona asikilize redio yake. Akiambiwa hayo akiwa ameshatoa nauli na kupanga foleni saa mbili, hapo ndipo mlanguzi hupata soko lake na askari hupata kazi ngumu. Hasira ya mlangoni huzaliwa ofisini, na humwangukia aliyesimama nje.

Sasa tulirudie lile tuliloliweka akilini. Hapa Rwanda nguo ya askari haiko mlangoni tu. Iko pia kwenye majukwaa na kwenye benchi la timu. APR, iliyoanzishwa mwaka 1993, na Marines ni klabu za jeshi. Police FC ni klabu ya polisi. Klabu hizi zina taasisi nyuma yao, wakati klabu za raia hutazama mapato ya mlangoni kama mkulima atazamavyo mvua. Kwa hiyo zinapokutana katika uwanja mdogo wenye nafasi chache, klabu yenye mgongo imara ndiyo inayoweza kuvumilia kiingilio cha chini siku inapokuwa mwenyeji. Kufanya hivyo si kumpa raia sadaka. Ni kumwambia kwamba timu ya askari ni timu yake.

Liko na jambo la pili, nalo linahitaji ujasiri kulisema. Nafasi zinapokuwa chache, kila anayeingia bure kwa heshima ya cheo au ya sare, bila kuwa zamuni, hukalia kiti cha mtu aliyelipa. Uwanja ukiwa mkubwa jambo hilo halionekani. Tarehe 1 Julai 2024 uwanja wa Amahoro mjini Kigali ulipofunguliwa upya kwa mchezo wa APR na Police, ulikuwa na viti 45,000, na katika bahari hiyo wageni mia moja hawahesabiki. Lakini Umuganda ni watu 5,000, na ukiupunguza, kila kiti kina macho ya watu juu yake. Askari anayenunua tiketi yake siku ya mapumziko, akapanga foleni pamoja na mvuvi wa Nyamyumba, hulinda amani kuliko wenzake kumi wenye fimbo.

Korona ilipungua na majukwaa yakajaa tena. Lakini siku ya kikomo itarudi kwa sababu nyingine: ugonjwa mwingine, ukarabati wa jukwaa, au adhabu ya shirikisho. Itakaporudi, kamanda wa zamu na aulize maswali manne kabla ya kupanga vikosi vyake. Tiketi ngapi zimeuzwa? Bei ilitangazwa lini? Je, iko sehemu ya majukwaa ambayo mtu wa kipato kidogo anaweza kuilipia? Na iwapo umati utazidi, ni lango lipi litakalofunguliwa, na njia yake inaelekea wapi? Akipata majibu, siku itapita salama. Akikosa majibu, ana haki na wajibu wa kuwaambia waandaaji kwamba hawako tayari, kwa sababu lango likishajaa watu hakuna tena muda wa kuuliza.

Uwanja wa Rubavu una jina la Umuganda, kazi ambayo wananchi wa Rwanda huifanya bega kwa bega, mwenye cheo na asiye na cheo wakishika jembe moja. Jina hilo na litukumbushe kwamba aliye ndani ya lango na aliye nje, aliyevaa sare na aliyevaa jezi, wamekuja kutazama mpira ule ule, na wote wana watu wanaowangoja nyumbani jioni.