Mwanzo wa kuacha pombe: Namna ya kufikia kikundi

MKAZI wa Nyali, Kongowea au Kisauni aliyechoshwa na pombe hahitaji kadi wala ada ili ajiunge na wenzake wanaopambana na uraibu huo.

Sharti la uanachama wa Alcoholics Anonymous, maarufu kama AA, ni moja tu: nia ya kuacha kunywa. Gharama hulipwa kwa michango ya hiari. Chama hicho kilianzishwa mjini Akron, Marekani, mwaka 1935 na Bill Wilson, aliyekuwa dalali wa hisa, na Dkt Bob Smith, daktari wa upasuaji. Wote wawili walikuwa wameelemewa na ulevi.

Mikutano ni ya aina mbili. Ule wa wazi humkaribisha yeyote, jamaa wakiwemo. Ule wa faragha ni wa wenye tatizo pekee. Kwa desturi mtu hutaja jina la kwanza tu, halazimishwi kuzungumza, na yasemwayo humo hubaki humo. Anayechelea macho ya majirani aweza kutafuta kikundi ng'ambo ya Daraja la Nyali, kisiwani.

Anayehitaji mwongozo apige simu 1192 bila malipo. Hiyo ni nambari ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ambayo hutoa ushauri nasaha na kuwaelekeza watu kwenye huduma.

Hata hivyo, anayelewa kila siku, iwe kwa mnazi au chang'aa, asikatize ghafla kabla ya kumwona daktari. Mwili uliozoea pombe waweza kutetemeka, kupata degedege na kuweweseka, hata kufa. Hospitali humvusha siku za mwanzo. Kikundi humsaidia asirudi nyuma.